Kitenzi Kimoja, Masika Mazima

2 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza keep.

Mhariri mkuu wa kamusi alinipigia simu jana. Wenzangu wamegawiwa mafungu mepesi: majina ya wadudu, vyombo vya jikoni, maneno ambayo mtu anayamaliza chai ikiwa bado ya moto. Mimi nimepewa kitenzi kimoja cha Kiingereza, herufi nne, kinachotumiwa na kila mtu kuanzia mtoto hadi hakimu. Nikamuuliza kama ni adhabu. Akacheka, kisha akaniambia lile ambalo nimelingoja tangu nianze kuwafanyia kazi kwa mbali. Nikiwasilisha kitenzi hiki kizima kabla Mei haijaisha, meza iliyobaki wazi ofisini kwao ni yangu. Ni meza ya kweli, katika jiji lililo mwendo wa siku nzima kutoka hapa, katika chumba chenye mlango ninaoweza kuufunga. Nisipowasilisha atapewa mwingine, kwa sababu mitambo ya uchapaji haimngoji mtu.

Nimeandika hayo ili niyaone. Sasa niandike na mengine. Meza ninayoifanyia kazi leo ni ya kulia chakula, nyumbani kwa Baba. Nilikuja hapa kwa wiki mbili, mwaka jana, Baba alipopooza upande wa kulia. Kaka yangu mkubwa ana duka la vipuri, mke na watoto wanne, kwa hiyo ana shughuli. Mimi sina mume wala mtoto, kwa hiyo, kwa hesabu za ukoo wetu, sina shughuli. Aliniuliza, “Si kazi yako ni ya kukaa? Basi kaa kwa Baba.”

Nimekaa.

3 Machi

Niandike utaratibu wetu, maana shangazi yangu ameniuliza mara tatu kwenye simu na mara zote nimemchanganya.

Kila maana ya neno ina kadi yake. Upande mmoja kuna sentensi ya Kiingereza, upande wa pili tafsiri yangu. Kisha mtu wa pili, ambaye hajauona ule upande wa kwanza wala hajaambiwa neno linaloshughulikiwa, anasomewa Kiswahili changu naye anakirudisha kwenye Kiingereza. Kikirudi na kitenzi kilekile, kadi imepita. Kikirudi na kingine, kuna mahali nimekosea, naanza upya. Mtu huyo tunamwita mrudishaji. Mhariri anaishika kanuni hii kama dini.

Mrudishaji wangu ni Baba. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkalimani wa mahakama. Ulimi wake umerudi, mzito kidogo, ila akili haijapungua hata chembe. Mhariri mwenyewe alimpigia kumshawishi. Baba alisikiliza, akainua kidevu, akanirudishia simu. Kwetu hiyo ina maana ya ndiyo.

9 Machi

Nimetafuta asili. Vitabu vinakubaliana kwamba neno ni la kale, na kwamba katika utoto wake lilikuwa na maana ya kukamata, kunyakua, kisha ya kuangalia kwa makini. Baada ya hapo vinanyamaza. Maneno mengi ya Kiingereza ya umri huo yana ndugu katika lugha za jirani. Hili halina ndugu anayejulikana kwa uhakika. Halina baba, halina kaka, halina shangazi wa kulipigia simu. Nimelionea wivu.

10 Machi

Mvua. Baba amekataa uji.

11 Machi

Mvua. Baba amekula uji, akasema una mabonge. Haukuwa na mabonge.

15 Machi

Leo tumeanza kurudisha. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Baba, nikasoma kadi tatu za mwanzo, zile nilizoziita za kupasha misuli. Bibi anafuga kuku. Rafiki yangu ametunza siri. Ametimiza ahadi.

Kuku, Baba akawarudisha kwa kitenzi cha Kiingereza cha kulea mifugo. Siri kwa kile cha kulinda. Ahadi kwa kile cha kukamilisha. Kiingereza chake hakina doa, na kila jibu lilikuwa sahihi, ila halikuwa keep. Kadi zote tatu zimeanguka. Nikajiambia mwanzo ni mgumu, nikaenda kuosha vyombo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

22 Machi

Shangazi, dada yake Baba, amekuja kutujulia hali akiwa na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Akakuta kadi zimetandazwa meza nzima, hakuna pa kuweka hata sahani.

“Hizi zote za neno moja?”

“Moja, Shangazi. Lina maana nyingi.”

“Hata mimi nina maana nyingi, mbona hakuna anayeniandika?”

Nilicheka mpaka Baba akagonga kikombe kwenye ubao wa kitanda. Anagonga hivyo akitaka mtu. Nikitoka hadi barazani anagonga. Nikianza kuzungumza na simu anagonga. Nikifika huwa hana shida kubwa: dirisha, mto, redio. Shangazi aliisikia ile sauti, akaniangalia, akaacha kucheka. Akaniambia kaka yangu ana nyumba ya vyumba vitano na kimoja kimejaa matairi mabovu. Alilisema tu hivyo, akavaa viatu vyake akaenda.

30 Machi

Barabara ya chini imejaa maji tangu juzi, hakuna gari linalopita. Dari la sebuleni linavuja sehemu mbili. Kadi zimelowa unyevunyevu zikajikunja pembe, nazinyoosha kwa pasi kama kola za shati.

Leo nimekutana na maana ya zamani ya nomino yake: mnara wa ndani kabisa wa ngome, mahali ambapo watu walijifungia adui akishavunja kuta za nje. Ukiwa humo una kuta nene, una chakula, na huna pa kwenda. Nimeiandika kadi hiyo bila kuhangaika kutafuta mfano.

2 Aprili

Gonga, gonga, gonga. Alitaka nimwambie saa. Saa iko ukutani mbele yake.

7 Aprili

Nimerudia kadi za Machi mara mbili. Nimejaribu kila Kiswahili ninachokijua, na ninakijua. Kwa maziwa yanayokaa siku nyingi bila kuharibika, Baba amerudisha kitenzi cha kudumu. Kwa “Ni nini kilichokuchelewesha?”, kitenzi cha kukawisha. Kwa mlinda lango anayedaka, akaniuliza timu gani. Mwanamke aliyewekwa na tajiri katika nyumba ya siri alimfanya akohoe, akasema hizo kesi zilikuwa za ghorofa ya pili, yeye alikuwa ya kwanza.

Nacheka nikiandika, lakini nahesabu pia. Siku zinakwenda, na kadi zilizopita ni chache mno, zile ambazo hata ukitaka huwezi kuzirudisha vingine.

12 Aprili

Mhariri amepiga. Wengine wote wamemaliza. Nikamwomba anibadilishie mrudishaji. Akanikumbusha kanuni: anayeanza kitenzi ndiye anayekimaliza, kwa sababu masikio mawili hayasikii sawa. Halafu akaongeza, kwa upole ambao uliniudhi, kwamba kama hata mkalimani wa mahakama hazioni maana zangu, labda tatizo si mrudishaji.

Nikakata simu, nikabaki nimesimama ukumbini. Nilikuwa nimekiamini Kiswahili changu kama mtu anavyoamini miguu yake. Sasa nasimama juu yake kwa wasiwasi.

18 Aprili

Nimemfokea Baba. Alirudisha kadi ya kumi na moja kwa mara ya nne na kitenzi cha nne tofauti, kisha akafumba macho kama aliyemaliza kazi nzuri. Nilimwambia nitazeekea kando ya kitanda hiki, nife na kadi mkononi.  Baadaye nikamwogesha, nikamkata kucha, wala hatukuzungumza. Ana kucha ngumu. Mkono ule uliopooza ni mwepesi ajabu ukiushika, na umekuwa laini kama wa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi.

27 Aprili

Kaka amekuja. Aliiacha injini ya gari ikinguruma muda wote. Amemletea Baba machungwa, mimi ameniletea pole. Nikamuuliza itakuwaje nikipata ile nafasi. Akasema tutazungumza. Mtu akitaka kujua maana na matumizi ya neno hilo, aniulize mimi: katika familia yetu tutazungumza lina maana ya hapana, na linatumiwa na wenye magari.

1 Mei

Mvua. Hakuna jipya.

6 Mei

Naandika jikoni, mlango umefungwa.

Leo tulikwenda kliniki. Kuna daktari mgeni wa mishipa ya fahamu anayepita mara moja kwa mwaka, hajui neno la Kiswahili. Muuguzi alijitolea kutafsiri. Baba akamtazama yule binti mpaka akarudi nyuma mwenyewe, kisha akaanza kuongea na daktari moja kwa moja. Sikuwa nimemsikia akiongea Kiingereza cha mazungumzo kwa muda mrefu. Mimi husikia kile cha kadi, sentensi moja moja. Alikuwa kama mtu aliyepewa nguo zake za zamani akakuta bado zinamkaa.

Akamwambia daktari kwamba mkono unaendelea kumsaliti, kila siku unamsaliti, na hapo akatumia keep. Nikageuza kichwa. Daktari akamuuliza kuhusu usingizi, Baba akaeleza kifupi, akasema hataki kumchelewesha maana foleni ya nje ni ndefu. Keep tena. Nilikuwa nimeshika koti lake, nikalikunja, nikalikunjua. Kisha daktari akauliza nani anayemhudumia nyumbani. Baba akaninyooshea kidevu, akasema ni binti yake, ndiye anayemfanya awe hai mpaka leo. Na hilo pia alilisema kwa keep.

Hizo zilikuwa maana tatu, na kadi zake zote tatu amenirudishia tangu Machi kwa vitenzi vingine.

Mtu akikosa neno kwa wiki saba, halipati mara tatu ndani ya dakika kumi. Hakukosa. Amekuwa akilikwepa. Amekaa kwenye mito yangu, kwenye shuka ninazofua, akinisikiliza nasoma, na kila mara amelitazama neno linapita akachagua jirani yake. Uongo hajasema hata mara moja, ndiyo maana sikumshika. Nilijiona mjinga, nikadharau lugha yangu mwenyewe, naye ananiangalia.

Tukarudi nyumbani. Nilimfunga mkanda wa kiti, nikamfungua, nikamlaza, nikampa dawa. Nikahakikisha maji yako karibu na mkono wake wa kushoto. Nilifanya yote hayo nikiwa na hasira. Amegonga kikombe mara mbili tangu nikae hapa. Sijaenda.

7 Mei

Nilisubiri amalize chai. Nikamuuliza alijua lini.

“Siku ya kwanza,” akasema. Hakujitia hamnazo, hilo nampa. “Kuku, siri, ahadi. Kuna kitenzi kingine gani kinachobeba hao watatu?”

“Na ukaninyima.”

“Ukimaliza utaondoka.”

Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi na sasa ubishi haukuwa na mahali pa kukaa. Nikamwambia angeweza kusema tu. Neno moja, nisiende. Watu wazima wawili ndani ya nyumba moja, lugha mbili kati yao, na ameshindwa kusema hivyo.

 Nilidhani amelala na macho wazi, kama anavyofanya.

“Nimesema maombi ya watu maisha yangu yote,” akasema. “Wauaji, wezi, wajane. Naomba mheshimiwa, naomba unihurumie. Niliyasema vizuri sana, mahakimu walinisifu. Hakuna hata moja lililokuwa langu. Langu silijui linaanzaje.”

Nikafikiri nyuma, na ni kweli. Baba haombi. Akiwa na kiu hutaja maji. Mama alipokuwa hai alikuwa anamtangulia, anampa kabla hajataka, na baada yake nikaja mimi na kikombe kikaanza kugonga.

“Basi niombe,” nikamwambia. “Sasa hivi. Niombe.”

Aligeuza uso ukutani.

Niandike ukweli, maana shajara haina wa kuionea aibu. Angeomba leo, ningebaki. Ningempigia mhariri simu kabla ya saa sita. Nilisimama pale nikiomba asiombe, na nikiomba aombe, na sijui ni lipi nililitaka zaidi.

8 Mei

Asubuhi aligonga kikombe. Nilipoingia akasema, “Lete kadi.”

Nikasoma. Kuku, siri, ahadi. Alizirudisha kama anavyotakiwa, neno lilelile, bila kusita. Maziwa. Mlinda lango. Yule mwanamke wa tajiri. Tulikwenda mpaka adhuhuri, hakuna iliyoanguka. Nilipaswa kufurahi. Kila kadi iliyopita nilisikia mlango unafunguka, na kila mara upepo uliokuja ulikuwa wa baridi.

10 Mei

Kitenzi kimeisha.

Sikubadili hata nukta katika tafsiri zangu za Machi. Zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Nimekaa nazo mapajani nikalia, nadhani ni kwa ajili ya hizo.

16 Mei

Mhariri ameipokea kazi. Meza ni yangu kuanzia Juni mosi.

19 Mei

Shangazi amefanya alilolifanya. Alikwenda dukani kwa kaka mchana, wateja wakiwa wamejaa, akakaa kwenye kiti cha mhasibu akatangaza kwamba hatatoka mpaka aambiwe lini matairi yanahama. Mtu mwenye duka anaogopa kelele kuliko anavyoogopa laana. Chumba kimesafishwa na kupakwa rangi. Kaka amenipigia simu akaongea nami kwa adabu ya mtu aliyeshindwa. Baba atahamia kwake nikiondoka.

Nimemwambia Baba. Ameinua kidevu.

24 Mei

Mvua imepungua, inakuja jioni tu na kuondoka. Barabara ya chini inapitika. Nimeanza kufunga vitu vyake kwanza, kisha vyangu. Vyangu ni vichache.

Wiki hii hajagonga kikombe hata mara moja. Naingia mwenyewe, namkuta ameamka, anaangalia mlangoni. Miezi yote hii niliuchukia ule mlio wa kikombe kwenye ubao. Sasa kimya chake ndicho kinachoniita, na naenda mara nyingi zaidi.

30 Mei

Kaka alifika asubuhi na gari mbili, moja ya vitu vya Baba, moja ya kunipeleka mimi kituoni. Nilikuwa nimemvalisha Baba shati jeupe na kumkalisha kwenye kiti cha sebuleni. Nyumba ilikuwa tupu, sauti zetu zilikuwa zinarudi. Baba akaniambia nifunge mlango.

Akajiweka sawa. Ilimchukua muda, na alikataa kusaidiwa: mgongo wima, mkono wa kushoto juu ya goti, miguu sambamba. Kisha akaacha kuniangalia. Aliangalia mbele, mahali pasipo na mtu, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, ya polepole, safi, isiyo ya mtu yeyote.

“Mzee anasema ana jambo la kuomba.”

Nilielewa alipo. Alikuwa amerudi mahakamani, amesimama kando ya kizimba, akimsemea mwingine.

“Aombe,” nikasema.

“Mzee anasema amezoea kusikia hatua za binti yake asubuhi. Anasema kule aendako atakuwa mgeni. Anasema alimnyima neno, na anajua alimnyima. Anaomba binti yake asiende.”

Ombi lilikuwa ndilo lile. Nililingoja wiki tatu, nikiwa na hakika kwamba likitamkwa sitakuwa na nguvu. Limetamkwa, na nikakuta nguvu ninazo. Sikujua kuwa nazo kungeuma hivyo.

“Mwambie mzee,” nikasema, na ilibidi nianze tena. “Mwambie mzee, binti yake amemsikia. Mwambie anampenda. Mwambie ataenda.”

 Mkalimani haruhusiwi kupunguza neno wala kuongeza, hata likimchoma mdomo. Baba akageuza uso kidogo upande wa kulia, ule uliopooza, akamwambia yule mzee wake, kana kwamba ameketi huko, kwa sauti ileile, neno kwa neno.

“Binti yako anasema amekusikia. Anasema anakupenda. Anasema ataenda.”

Kisha akangoja jibu. Tulilingoja wote wawili. Nje kaka alipiga honi, mara moja, akaacha.

“Mzee hana la kuongeza,” Baba akasema.